Bakapu ya kompyuta ya nyumbani: uchague njia gani na uanze vipi

Masuali ni yale yale kila mara. "Niweke picha kwenye flashi au kwenye Google Drive?" "Diski ya TB 1 itanitosha?" "Kompyuta haiwaki, picha za harusi zitarudi?" Hili la mwisho ndilo linaloumiza, maana aghalabu jawabu lake ni hapana, au ni ndiyo kwa gharama ambayo mwenye picha haimudu. Mwongozo huu unakusudia lisiulizwe nyumbani kwako.

Umeandikwa kwa mtu wa Unguja au Pemba mwenye kompyuta moja inayotumiwa na nyumba nzima: mama ana hesabu za biashara yake, kijana anaandika utafiti wa chuo, mdogo wao ana kazi za skuli, na picha za ukoo mzima zimerundikwa humo humo. Mazingira yetu yana mambo yake. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, hewa ya bahari ina chumvi, na bando huisha kabla ya wakati. Ushauri aliopewa mtu wa Marekani mwenye intaneti isiyopimwa hautufai sote kama ulivyo.

Msimamo wangu nauweka mbele: kwa nyumba nyingi za hapa, anza na diski ya nje, halafu peleka mtandaoni vile vichache tu visivyopatikana tena. Usianze na mtandao. Sababu zimo kwenye hesabu ya hatua ya 3.

Kwanza tuelewane bakapu ni nini. Ni nakala ya pili iliyo kwenye kifaa kingine, isiyoguswa katika kazi zako za kila siku. Ukinakili folda kutoka D kwenda E ndani ya kompyuta ile ile, hujafanya bakapu, kwani mara nyingi D na E ni vipande vya diski moja na ikifa vinakufa pamoja. Na ukihamishia picha kwenye flashi kisha ukazifuta kwenye kompyuta ili upate nafasi, hiyo nayo si bakapu. Umebakiwa na nakala moja, tena kwenye kifaa dhaifu zaidi. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta, na nywila ya kuingilia. Kama ni laptopu, chaji ijae. Kama ni ya mezani, iwe na UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ukiweza.
- Daftari na kalamu. Usiandike orodha hii ndani ya kompyuta unayotaka kuiokoa.
- Akaunti ya Google au Microsoft ambayo nywila yake unaijua kwa yakini, na namba ya simu iliyosajiliwa nayo bado iko mikononi mwako.
- Ndugu au rafiki mwaminifu anayekaa nyumba nyingine.
- Jioni moja isiyo na haraka.

Diski ya nje itahitajika, lakini usiende dukani bado.

Hatua ya 1: Andika usichoweza kukipata tena

Kaa na watu wa nyumbani, kila mmoja ataje vyake. Filamu zinapatikana tena. Programu zinapatikana tena. Picha ya marehemu bibi akiwa barazani haipatikani, wala sauti ya babu aliyoituma kwenye WhatsApp, wala video ya mtoto akisoma kasida kwenye maulidi ya madrasa. Ongeza nakala za hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, matokeo ya mitihani, na vitambulisho mlivyoskani.

Usitazame folda za Documents na Pictures peke yake. Mambo mengi ya watu yamelala kwenye Desktop na Downloads. Programu za mahesabu ya duka nazo huwa na folda yao mahali pengine kabisa. Ifungue programu na utafute ndani yake palipoandikwa Backup au Export. Na simu je? Kama picha za simu hazijawahi kuhamishiwa kwenye kompyuta, hamisha sasa, usisubiri simu ianguke kisimani.

Hatua ya 2: Pima ukubwa

Nenda kwenye folda, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, usome ukubwa kwa GB. Fanya hivyo kwa kila folda iliyomo kwenye orodha, ujumlishe. Zidisha jumla kwa mbili, au kwa tatu ukiwa unapiga video. Hiyo ndiyo nafasi unayoihitaji, kwa sababu bakapu nzuri hutunza na matoleo ya zamani ya faili, na picha za mwakani bado hazijapigwa.

Watu wengi hushangaa hapa. Walidhani wana "vitu vingi sana", kumbe vya maana ni GB 40 na vilivyobaki ni filamu.

Hatua ya 3: Chagua njia

Fanya hesabu hii. Tuseme una GB 100 na intaneti yako inapandisha megabiti 2 kwa sekunde. Kupeleka zote mtandaoni kutachukua kama saa 111, yaani zaidi ya siku nne na nusu bila kukatika hata dakika. Kwa bando la simu, hapo umeshatoa fedha ambazo pengine zingenunua diski. Diski ya nje, hata ya USB 2 ya zamani, humaliza GB 100 kwa muda wa saa moja hivi.

Kuna na jambo jingine. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania nzima, Zanzibar ikiwemo. Siku kama hizo nakala iliyoko mtandaoni ipo salama, lakini huifikii.

Basi chagua hivi:

*Una chini ya GB 10.* Mtandao wa bure unakutosha, pamoja na flashi nzuri ya GB 32 au 64 kama nakala ya pili. Huyu ni mwanafunzi au mwalimu mwenye maandishi mengi na picha chache.

*Una baina ya GB 10 na GB 500.* Nyumba nyingi zimo humu. Diski ya nje ya TB 1, yaani GB 1,000, ndiyo nguzo, na mtandaoni unapeleka folda moja tu ya vitu adimu.

*Una zaidi ya hapo.* Wapiga picha za harusi na wahariri wa video, hili ni lenu. Nunua diski mbili za nje zinazolingana, uzitumie kwa zamu: moja nyumbani, moja kwa ndugu. Mteja hawezi kurudia harusi yake.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni inayotumika dunia nzima: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja iwe nje ya nyumba. Ile ya kwenye kompyuta imo katika hesabu, kwa hivyo zinazobaki ni mbili tu.

Kuhusu diski gani: ile ya sahani inayozunguka ni rahisi kwa bei na inafaa kama haitatoka kabatini. SSD haina kinachozunguka ndani, hivyo inastahimili kuanguka na mitikisiko. Kama diski yako itakwenda na kurudi kwa boti baina ya Unguja na Pemba, lipia SSD. Lakini usiiache SSD miaka mingi bila kuichomeka, maana huhitaji kupata umeme mara kwa mara ili ishike kilichomo. DVD ziache, moja huchukua GB 4.7 tu na laptopu mpya hazina pa kuiweka.

Hatua ya 4: Nunua, kisha hakiki siku hiyo hiyo

Ukienda Darajani au Chake Chake, dai risiti na uulize muda wa kurudisha bidhaa. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ipime diski kabla ya kuiamini.

Duniani kote zinauzwa flashi na diski zilizochezewa. Kifaa kina GB 64 za kweli, lakini kimeelekezwa kiiambie kompyuta kwamba kina TB 2. Unanakili, hakilalamiki. Majina ya faili yote unayaona. Siku ya kufungua ndipo unapokuta kila kilichozidi ile GB 64 hakifunguki, kwa sababu hakikuandikwa popote. Ukiona flashi ya TB 2 kwa bei ya flashi ya kawaida, iache.

Kwa Windows, tumia programu ya bure iitwayo H2testw. Huijaza diski nzima, kisha husoma tena kuona kama kilichoandikwa kimo. Kwa diski kubwa huchukua saa nyingi, basi ianzishe jioni uilalie. Kwenye Linux na Mac ipo F3 inayofanya kazi hiyo. Fanya kipimo hiki diski ikiwa mpya na tupu, na umalize kabla muda wa kurudisha haujapita.

Hatua ya 5: Iandae diski

Bofya kitufe cha kulia juu ya diski, chagua Format. Kama kompyuta zenu zote ni za Windows, chagua NTFS. Kama itatumika Windows na Mac, chagua exFAT. Epuka FAT32, haipokei faili moja yenye GB 4 au zaidi, na video ya harusi hupita hapo.

Onyo: Format hufuta kila kitu. Tazama mara mbili herufi na ukubwa wa diski kabla hujabonyeza. Chomoa flashi na diski nyingine zote kwanza, ili usikosee.

Ipe jina linaloeleweka, mfano BAKAPU NYUMBANI, na ubandike karatasi juu yake: "Usifute. Usiweke filamu." Diski ya bakapu ikianza kuazimwa kupeleka filamu kwa jirani, imekwisha.

Hatua ya 6: Washa bakapu ya kujiendesha

Kunakili kwa mkono hufanyika kwa bidii mwezi wa kwanza, halafu hufa. Iachie kompyuta kazi hiyo.

Kwenye Windows 10 au 11:

1. Chomeka diski.
2. Andika Control Panel kwenye sehemu ya kutafutia, uifungue.
3. Ingia System and Security, kisha File History.
4. Hakikisha diski yako ndiyo inayoonekana, bonyeza Turn on.
5. Subiri mzunguko wa kwanza umalize. Huu ndio mrefu. Inayofuata huchukua vilivyobadilika tu.

File History huangalia Desktop, Documents, Pictures, Music na Videos. Folda uliyoitengeneza mwenyewe kwenye D haitaingia. Ama ihamishie ndani ya Documents, ama iongeze kwenye mojawapo ya Libraries, yale makundi ya folda ya Windows. Wengi wamekwama hapa wakiamini kila kitu kimo.

Kwenye Mac tumia Time Machine. Apple hushauri diski yenye angalau mara mbili ya nafasi ya kompyuta. Kwenye Ubuntu tumia Déjà Dup, ambayo hujulikana humo kwa jina la Backups. Timeshift ni kwa ajili ya kuokoa mfumo, usiitegemee kwa picha.

Hatua ya 7: Chomoa, hifadhi pakavu

Bakapu ikimaliza, bonyeza Eject, kisha ichomoe. Usiiache imechomekwa mwezi mzima. Kirusi cha kufunga faili na kudai fedha, kama WannaCry kilichotapakaa duniani Mei 2017, hufunga kila diski kinayoikuta imeunganishwa. Na umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika huweza kuunguza kompyuta na diski pamoja. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, wanajua jenereta ndogo inavyopandisha na kushusha umeme. Ukiwa kwenye jenereta, usifanye bakapu bila stebilaiza au UPS; laptopu yenye chaji ina nafuu.

Chagua siku isiyosahaulika. Ijumaa usiku baada ya Isha inafaa: chomeka, iache ifanye kazi, chomoa.

Kwa uhifadhi, tafuta kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, utie ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba mipya. Usitie mchele, una vumbi. Liweke kopo kabatini, mbali na dirisha la baharini na mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika. Nyumba za chokaa za Mji Mkongwe zina unyevu mwingi hasa sehemu za chini, basi weka ghorofani.

Hatua ya 8: Vichache adimu vipeleke mtandaoni

Google inatoa GB 15 bure, lakini hizo zinagawanywa baina ya Gmail, Drive na Photos. Zikijaa, hata barua pepe haziingii. OneDrive na iCloud hutoa GB 5 kila moja. Tengeneza folda moja, uiite ADIMU, utie hati, vyeti, utafiti wa chuo na picha teule. Pandisha hiyo tu.

Tahadhari tatu.

Ya kwanza: kusawazisha si bakapu kamili. Folda iliyosawazishwa ni kama kioo, ukifuta huku na kule kunafutika. Kapu la taka la Google Drive hutunza kilichofutwa siku 30, baada ya hapo hakuna cha kudai. Ndiyo maana diski inabaki kuwa nguzo.

Ya pili: Windows 11 hupenda kukuingiza OneDrive tangu siku ya kwanza, ikaanza kupandisha Desktop na Pictures zako zote bila wewe kutambua. GB 5 zinajaa, na bando linakwenda. Fungua mipangilio ya OneDrive uondoe folda usizozitaka. Kisha, kwenye kompyuta, ingia mipangilio ya Wi-Fi unayoipata kutoka kwenye simu yako, washa Metered connection.

Ya tatu: akaunti ya Google isiyotumika miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kama ulifungua akaunti ya pembeni kwa ajili ya bakapu, ingia humo mara moja moja. Na ukibadilisha laini ya simu, badilisha namba kwenye akaunti kabla hujaitupa ya zamani.

Hatua ya 9: Nakala nje ya nyumba

Moto, mwizi na paa linalovuja havichagui. Beit al-Ajaib, jengo imara kuliko nyumba zetu, liliporomoka upande mmoja Disemba 2020. Kama kompyuta na diski viko chumba kimoja, vitakwenda pamoja.

Nakala ya pili kwenye flashi kubwa au diski ya zamani iliyo nzima ipeleke kwa shangazi, kwa ami, kwa yeyote mwaminifu. Aliyepo Wete apeleke Mjini, aliyepo Mjini apeleke Wete. Ukienda kusalimia wakati wa Sikukuu, chukua ya zamani uache mpya; mara mbili kwa mwaka si haba. Safarini iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaorundikwa.

Kama kuna mambo ya siri ndani, ifunge kwa nywila. Windows Pro ina BitLocker. Itakupa ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48. Uandike daftarini, usiuhifadhi ndani ya diski ile ile.

Hatua ya 10: Jaribu kurejesha

Usiiruke hii. Chagua picha tano na hati mbili, za miaka tafauti. Zirejeshe kutoka kwenye diski kwenda kwenye folda mpya iitwayo JARIBIO, uzifungue moja moja. Kwenye File History, bonyeza Restore personal files, chagua tarehe, kisha bofya kitufe cha kulia na Restore to. Kama una kompyuta ya jirani, chomeka diski huko pia, kwa sababu siku ya balaa yako huenda haiwaki kabisa. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na mfundishe mtu mmoja zaidi nyumbani namna ya kufanya.

Ukikwama

*Diski haionekani.* Badilisha tundu la USB, kisha waya. Waya ndio huharibika zaidi. Tazama kama tundu lina kutu ya chumvi. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yana umeme wa uhakika zaidi. Ikiwa bado, fungua Disk Management: ikionekana pale bila herufi, ipe herufi. Ikikuambia Initialize au Format na ndani mna vitu vyako, usikubali, mpelekee fundi.

*"File is too large."* Diski iko kwenye FAT32. Hamisha vilivyomo, fomati upya kwa hatua ya 5.

*Faili zote zimegeuka kuwa shortcut.* Ni kirusi cha flashi, kimezificha tu. Usizibofye. Skani kwanza kwa Windows Security, kisha fungua Command Prompt, uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Faili zitajitokeza. Zinakili pembeni, fomati flashi.

*Umeme ulikatika katikati ya kunakili.* Usidhani iliendelea. Chomoa, washa upya, uiendeshe bakapu tena, na ufungue faili kadhaa za mwisho kuona kama ni nzima.

*Diski imejaa.* Kwenye File History, ingia Advanced settings, bonyeza Clean up versions, ufute matoleo yaliyopita mwaka. Usifute faili kwa mkono ndani ya folda ya FileHistory.

*Diski inatoa sauti ya tik tik.* Ichomoe hapo hapo. Usiigongegonge, usiitie kwenye friji, usikubali ifunguliwe juu ya meza ya duka lenye vumbi. Kama kompyuta bado ni nzima, huna ulichopoteza: nunua diski nyingine wiki hiyo hiyo, uanze tena hatua ya 4. Kama diski hiyo ndiyo yenye nakala pekee, izime na usiiwashe tena mpaka ifike kwa mtaalamu wa kuokoa data, kwa kuwa kila dakika inayozunguka ikiwa mbovu inazidi kukwaruza kile unachotaka kukipata.